Kutoka meza ya karani hadi kiti cha jaji

Mnamo mwaka 2010 Bw. Ian Ashley-Smith aliteuliwa kuwa naibu jaji wa wilaya katika mahakama za England na Wales. Kwa kawaida uteuzi wa namna hiyo haupigiwi tarumbeta. Naibu jaji wa wilaya hukalia kiti kwa siku chache katika mwaka, husikiliza mashauri ya madeni, nyumba na familia, kisha hurudi kwenye kazi yake ya kila siku. Hata hivyo uteuzi huo uliingia katika kumbukumbu za mahakama za nchi hiyo, kwa kuwa aliyeteuliwa hakuwa solisita wala barista. Alikuwa mtendaji wa sheria, na kabla yake hakuna mtu wa kundi hilo aliyewahi kukalia kiti cha jaji.

Wanasheria wa England wamegawanyika kwa karne nyingi katika makundi mawili makubwa. Solisita ndiye anayempokea mteja ofisini, akaandika wasia na hati za mauzo ya nyumba, na kutayarisha kesi. Barista ndiye anayevaa wigi na joho na kusimama mbele ya majaji wa mahakama za juu. Chini ya wote wawili palikuwapo kundi la tatu ambalo halikuwa na wigi, wala joho, wala jina katika daftari la mawakili. Kundi hilo lilikaa kwenye meza za nyuma, likaandika, likanakili, likabeba majalada kati ya ofisi na mahakama, na mara nyingi likaijua sheria ya utaratibu kuliko mwenye ofisi. Watu hao waliitwa makarani.

Siku hizi kijana wa Kiingereza asiye na shahada anaweza kuanza na ukatibu muhtasi wa ofisi ya wakili, akapanda hadi ngazi ya 3 iliyo sawa na mitihani ya kidato cha sita, na akaendelea kupanda huku akipokea mshahara. Ngazi hiyo ilijengwa polepole, na waliyoijenga ni makarani wenyewe.

Uanagenzi wa wenye fedha

Uanasheria wa England haukuanzia chuo kikuu. Mwaka 1292 Mfalme Edward wa Kwanza aliwaagiza majaji wake wachague mawakili na wanagenzi kutoka kila jimbo, na akataja kwamba watu 140 wangetosha kwa nchi nzima, ingawa majaji waliruhusiwa kuongeza au kupunguza. Mwaka 1402 ikapitishwa sheria kwamba kila wakili ahojiwe na majaji kabla ya jina lake kuandikwa daftarini. Katika zama hizo vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilifundisha sheria ya Kirumi na ya kanisa. Sheria ya nchi yenyewe mtu aliipata kwa kukaa karibu na waliokuwa wakiitumia.

Utaratibu wa kudumu ulikuja mwaka 1729, Bunge lilipopitisha sheria ya kuwasimamia mawakili na masolisita. Tangu hapo hakuna aliyeweza kuandikishwa kabla ya kutumikia miaka 5 chini ya mkataba wa uanagenzi na wakili aliyekwisha kuandikishwa, na wakili mmoja hakuruhusiwa kuwa na wanagenzi zaidi ya wawili kwa wakati mmoja. Shabaha ilikuwa njema. Malalamiko dhidi ya mawakili wasiojua kazi, au walioijua kwa ajili ya kuwanyonya watu tu, yalikuwa mengi.

Lakini mkataba huo ulikuwa na bei. Wakili aliyempokea mwanagenzi alidai ada, na jinsi ofisi ilivyokuwa na jina ndivyo ada ilivyopanda. Mwandishi Charles Dickens, katika riwaya yake ya David Copperfield iliyotoka kati ya mwaka 1849 na 1850, anamfanya shujaa wake alipiwe pauni 1,000 ili aingie katika ofisi ya wanasheria wa mahakama za kanisa. Kitabu ni cha kubuni, lakini wasomaji wa wakati ule hawakuona ajabu katika kiasi hicho. Serikali nayo ilitaka fungu lake. Mwaka 1794 iliweka ushuru wa stempu wa pauni 100 juu ya mkataba wa uanagenzi wa uwakili. Ushuru huo ukapanda baadaye, na hata ulipopunguzwa mwaka 1853 ulibaki pauni 80.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki mwanagenzi naye alikuwa na wajibu wa kumpa fundi wake kilemba. Tofauti ni kwamba kilemba kilitolewa mwishoni, mwanagenzi akiwa amehitimu na mkono wake umeanza kuleta riziki. Huko England malipo yalitangulia kazi. Baba asiyekuwa na akiba hakuweza kumwingiza mwanawe hata angekuwa na akili namna gani.

Basi katika chumba kimoja walikaa vijana wa aina mbili. Mmoja alikuwa mwanagenzi mwenye mkataba, ambaye baada ya miaka 5 angekuwa wakili. Mwingine alikuwa karani wa mshahara. Yeye baada ya miaka 5, au 15, au 40, angekuwa karani. Aghalabu huyu wa pili ndiye aliyemfundisha yule wa kwanza kazi.

Kijana wa Gray's Inn

Dickens aliyajua hayo kwa macho yake. Mwezi Mei 1827, akiwa na umri wa miaka 15, aliajiriwa kama karani mdogo katika ofisi ya mawakili wa Ellis na Blackmore huko Gray's Inn, London, na alikaa hapo hadi mwezi Novemba 1828. Kisha alijifunza hati mkato, akawa mwandishi wa habari, na hakurudi. Lakini ofisi ile haikumtoka. Katika The Pickwick Papers, iliyotoka kati ya mwaka 1836 na 1837, ameweka ukurasa mzima wa madaraja ya makarani wa mawakili: mwanagenzi aliyelipa ada na mwenye deni kwa mshona nguo, karani wa mshahara anayepata shilingi 30 kwa wiki na kuzimaliza kwa starehe, mnakili wa makamo mwenye familia kubwa na koti lililochakaa, na vijana wadogo wa ofisi wanaojiona wakubwa kuliko wenzao walio shuleni.

Ukipiga hesabu, shilingi 30 kwa wiki ni pauni 78 kwa mwaka. Ushuru wa stempu peke yake, hata baada ya kupunguzwa, ulizidi mshahara wote wa karani huyo kwa mwaka mzima. Na hapo ada ya wakili bado haijalipwa, wala chakula cha miaka 5 bila mshahara hakijahesabiwa.

Kwa nini makarani walihitajika kwa wingi hivyo? Jibu ni la kibiashara kuliko la kisheria. Kwa muda mrefu solisita alilipwa kwa urefu wa hati aliyoiandika. Kipimo kilikuwa folio, ambayo katika mahakama za sheria za kawaida ilihesabiwa maneno 72, na katika mahakama ya Chansela maneno 90. Hati ndefu ilikuwa hati yenye faida. Ndiyo maana hati za ardhi za Kiingereza za enzi hizo zinarudia jambo moja kwa maneno matatu au manne yenye maana ile ile. Kila neno liliandikwa kwa mkono, na kila nakala iliandikwa upya. Mpaka ilipopitishwa sheria ya malipo ya masolisita mwaka 1881, iliyofungua njia ya kulipa kwa thamani ya shughuli badala ya urefu wa karatasi, mkono wa karani ndio uliokuwa kinu cha kusagia fedha za ofisi.

Mwaka 1836 mitihani ya kuingia uwakili ilianzishwa, na Chama cha Wanasheria, kilichoundwa mwaka 1825, kikapewa sauti zaidi na zaidi juu ya nani aingie. Kwa karani mtihani ulikuwa neema na pia kikwazo. Ulikuwa neema kwa sababu maarifa yalianza kupimwa. Lakini aliyeruhusiwa kuketi kwenye mtihani ni yule aliyekwisha kutumikia mkataba.

Watu wa miaka kumi

Ufa wa kwanza katika ukuta ulionekana mwaka 1860. Sheria mpya ya mawakili na masolisita ya mwaka huo ilikubali kwamba karani aliyefanya kazi ya kweli ya uanasheria kwa miaka 10 katika ofisi ya wakili angeweza kutumikia mkataba wa miaka 3 badala ya 5. Waliopita njia hiyo waliitwa watu wa miaka kumi. Jumla inakuwa miaka 13, na ushuru wa stempu ulikuwa pale pale. Walioweza walikuwa wachache. Hata hivyo kwa mara ya kwanza Bunge lilikuwa limesema kwa maandishi kwamba miaka ya karani kwenye meza ya nyuma ina uzito fulani.

Wengi walibaki makarani, lakini baadhi yao wakawa makarani wa namna nyingine. Biashara ilipopanuka, reli zilipojengwa na makampuni kuongezeka, solisita mmoja hakuweza tena kushika kila jalada. Akazuka karani msimamizi: mtu mzima, mwenye uzoefu, aliyekabidhiwa idara nzima ya mirathi, au ya ardhi, au ya mashauri. Aliandika barua kwa jina la ofisi, akaonana na wateja na kuwaonya vijana. Mteja mara nyingi hakujua kwamba bwana yule mwenye saa ya mnyororo aliyemshauri juu ya wasia wa baba yake si wakili.

Baada ya Malkia Victoria kufungua jengo la Mahakama za Kifalme katika barabara ya Strand, London, mwezi Desemba 1882, makarani wasimamizi walikuwa wageni wa kila siku mle ndani. Hawakuruhusiwa kuzungumza mbele ya jaji katika kikao cha wazi. Lakini katika vyumba vya ndani, mbele ya maofisa wa mahakama walioamua maombi ya awali, waliruhusiwa kusimama na kuhojiana. Ukumbi walimosubiri zamu zao ulipewa jina la Bustani ya Dubu kwa sababu ya kelele zake, na jina hilo lipo hadi leo. Kesi nyingi zilishinda au kushindwa katika vyumba hivyo kabla barista hajavaa wigi lake, na hilo ndilo jambo ambalo vitabu vya historia ya mahakama vinavyosifu majaji na hotuba zao vimekuwa vikilipita haraka.

Mwaka 1892 makarani hao waliunda Chama cha Makarani Wasimamizi wa Masolisita. Hawakuwa wanamapinduzi. Walitaka heshima, mihadhara ya sheria, na kutambuliwa kwamba wanachokifanya ni taaluma. Mabwana zao hawakuwa na sababu ya kuwaogopa, na pengine ndiyo maana chama hicho kiliishi kwa miaka 70 bila kubadili mengi.

Wakati huohuo kitu kingine kilikuwa kikiibadilisha ofisi kutoka chini. Taipureta iliingia, mnakili wa kalamu akatoweka, na kwenye kiti chake akakaa mwanamke. Wanawake waliingia katika ofisi za mawakili kwa mlango wa taipureta kabla sheria haijawaruhusu kuwa mawakili. Mlango mkubwa ulifunguliwa na sheria ya mwaka 1919 iliyoondoa ubaguzi wa jinsia katika taaluma, na mwezi Desemba 1922 Carrie Morrison akawa mwanamke wa kwanza kuandikishwa kuwa solisita nchini England. Lakini Bi Morrison alikuwa msomi wa Cambridge. Makatibu muhtasi waliozijua hati za ardhi kwa kuwa walizichapa wenyewe waliendelea kuchapa.

Jina jipya, mwaka 1963

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia hali ilianza kugeuka. Vijana waliomaliza sekondari walikuwa na kazi nyingi za kuchagua, na ukarani wa wakili, wenye mshahara mdogo usio na mwisho wa wazi, haukuwavutia. Mawakili wakahofia kwamba kizazi cha makarani wasimamizi kitazeeka bila warithi. Kwa hiyo mwaka 1963, kwa kuungwa mkono na Chama cha Wanasheria, chama kile cha mwaka 1892 kilibadilika kuwa Taasisi ya Watendaji wa Sheria, iliyojulikana kwa kifupi ILEX.

Neno mtendaji lina harufu ya miaka yake, wakati kila ofisi ilipotaka kuonekana ya kisasa. Lakini mabadiliko hayakuwa ya jina tu. Taasisi iliweka mitihani ya hatua mbili. Hatua ya kwanza ilimpa mtu msingi wa sheria na utaratibu. Ya pili ilimtaka abobee katika fani aliyokuwa akiifanya kazini. Na mitihani peke yake haikutosha. Aliyetaka kuwa mwanachama kamili alipaswa pia kuonyesha miaka ya kazi chini ya uangalizi wa wakili, kiwango ambacho baadaye kilijulikana kuwa miaka 5.

Hapo ndipo thamani ya njia hii ilipo. Mwanafunzi hakuacha kazi. Mchana alikuwa ofisini akishika majalada ya watu halisi, jioni alikwenda chuo cha ufundi cha mji wake, au alisoma nyumbani kwa masomo ya posta. Karo yake ilikuwa sehemu ndogo ya gharama ya chuo kikuu, na mara nyingi mwajiri alimlipia. Makao makuu ya taasisi hayakuwa hata London. Yalikuwa Kempston, karibu na mji wa Bedford, katika jumba la zamani lililo mbali na fahari ya mabaraza ya mabarista.

Waliofaidika zaidi walikuwa wanawake. Katibu muhtasi aliyeanza na cheti cha kuchapa hati za sheria aliweza kupanda daraja bila kuuacha mji wake, watoto wake, au mshahara wake. Taasisi iliyozaliwa na makarani wanaume wenye saa za mnyororo imefikia mahali ambapo takriban wanachama watatu katika kila wanne ni wanawake.

Haki za kusimama na kusema

Elimu ilipatikana, mamlaka yalichelewa. Mtendaji wa sheria aliweza kuandaa kesi yote, lakini ilipofika siku ya mahakama alikaa nyuma ya mtu mwingine. Sheria ya Mahakama na Huduma za Kisheria ya mwaka 1990 ilifungua mjadala kuhusu nani astahili kuzungumza mbele ya jaji, na mwaka 1998 ILEX ilipewa uwezo wa kuwaidhinisha wanachama wake waliopata mafunzo maalumu kusimama katika baadhi ya mahakama.

Kisha zikaja sheria mbili za mwaka 2007. Moja iliwaruhusu wanasheria wa aina mbalimbali kushirikiana katika kampuni moja, na kuanzia mwezi Machi 2009 mtendaji wa sheria aliweza kuwa mbia katika ofisi ambayo zamani angekuwa mwajiriwa tu. Nyingine ilipanua orodha ya wanaoweza kuomba ujaji wa ngazi za chini, na ndiyo iliyomfikisha Bw. Ashley-Smith kwenye kiti chake mwaka 2010. Mwaka 2012 taasisi ilipata Hati ya Kifalme, herufi moja ikaongezwa, nayo ikawa CILEX. Tangu mwishoni mwa mwaka 2014 wanachama wake waliotimiza masharti waliweza kuomba haki ya kuendesha mashauri au kushughulikia mauzo ya nyumba na mirathi bila kuwa chini ya solisita.

Ngazi ilipovuka bahari

Historia hii isingewagusa sana Waswahili kama Waingereza wangeiacha nyumbani. Lakini walipotawala Afrika Mashariki walikwenda na mahakama zao, na pamoja na mahakama wakaenda na tofauti ile ile kati ya wakili na karani. Mwafrika alikaribishwa mahakamani kama karani, mkalimani au tarishi. Aliyetaka kuwa wakili alipaswa kufunga safari ya kwenda kusoma nchi za nje, na serikali za kikoloni hazikuwa na hamu ya kumlipia nauli. Nchini Kenya wakili wa kwanza Mwafrika, C.M.G. Argwings-Kodhek, alianza kazi katika miaka ya 1950, nusu karne baada ya mahakama za Kiingereza kuingia.

Uhuru ulipokaribia pengo lilionekana wazi. Mwezi Januari 1961 kamati iliyoongozwa na Jaji Denning ilitoa ripoti mjini London kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, na kupendekeza kitivo cha sheria kianzishwe Dar es Salaam kwa ajili ya Afrika Mashariki yote. Kitivo kilifunguliwa mwezi Oktoba mwaka huo, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kenya ilianzisha Chuo cha Mafunzo ya Sheria mwaka 1963, na Uganda ikapata Kituo cha Maendeleo ya Sheria mwaka 1970.

Shahada haikutosha kuzijaza mahakama, hasa za vijijini. Tanganyika ilipounganisha mahakama zake kwa sheria ya mwaka 1963, Mahakama za Mwanzo ziliwekwa chini kabisa, karibu na wananchi, na mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo. Mahakimu wake kwa miaka mingi walikuwa watu wa mafunzo mafupi na vyeti, na mlalamikaji alijisemea mwenyewe. Ni mwaka 2021 ndipo sheria ilipolegezwa na kuwaruhusu mawakili katika Mahakama za Mwanzo zinazosimamiwa na hakimu mkazi. Kazi ya kuwaandaa makarani na maofisa wa mahakama ilipata chuo chake maalumu kwa sheria ya mwaka 1998, yaani Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, katika milima ya Usambara. Hapo mtu husomea astashahada na stashahada ya sheria. Chuo cha Kenya na kituo cha Uganda navyo hutoa stashahada kwa wasio na shahada ya chuo kikuu.

Na wapo wasaidizi wa kisheria, wanaofanya kazi kata kwa kata katika mambo ya mirathi, ndoa na mipaka ya mashamba. Kenya iliwatambua kwa sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2016, na Tanzania kwa sheria yake ya mwaka 2017. Wanaelimisha, wanaelekeza na kupatanisha. Sheria haiwapi nafasi ya kusimama mahakamani kama mawakili, na ni hapo wanapokutana na karani wa Strand wa mwaka 1882.

Kwa Mswahili anayeishi Uingereza, ngazi za chini za uanasheria si habari ya mbali hata kidogo. Wengi hukutana nazo wanapotafuta viza ya mke, uraia wa mtoto au hifadhi. Katika miaka ya 1990 washauri wa uhamiaji wasiosajiliwa walikuwa wengi, wengine wakifanyia kazi nyuma ya maduka, na wahamiaji wengi walipoteza fedha na kesi zao mikononi mwa watu wasiojua sheria. Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya mwaka 1999 ilifanya kuwa ni kosa la jinai kutoa ushauri huo bila kusajiliwa na kamishna maalumu au kuwa chini ya chombo cha mawakili kinachotambuliwa, na ILEX ilikuwa mojawapo ya vyombo hivyo. Washauri waliosajiliwa waliwekwa katika ngazi 3. Wa ngazi ya 1 hujaza maombi ya kawaida. Wa ngazi ya 3 anaweza kusimamia rufaa. Msajili huyo tangu Januari 2025 anaitwa Mamlaka ya Ushauri wa Uhamiaji. Mtu wa Kariakoo au Kisauni aliyehamia Leicester, mwenye Kiswahili na Kiingereza lakini asiye na shahada, anaweza kuanzia ngazi ya 1 na kuwahudumia watu wa jamii yake kihalali. Mteja naye ana haki ya kumwuliza mshauri wake kama amesajiliwa, na kwa ngazi gani, kabla hajatoa hata pauni moja.

Swali lililorudi mwaka 2025

Katika miaka ya karibuni njia zimeongezeka. Mwaka 2016 vijana wa kwanza waliomaliza sekondari walianza uanagenzi mpya wa kuwa masolisita, wa miaka 6, wakilipwa mshahara. Mwaka 2021 masolisita walipata mtihani mmoja wa taifa, na mwaka huohuo CILEX ikaifuta mitihani yake ya zamani na kuleta mfumo wa hatua 3, unaoanza na msaidizi wa kisheria na kuishia kwa mwanasheria kamili mwenye haki zake za kuendesha mashauri.

Waliohitimu kwa mfumo wa zamani walibaki na shaka moja ambayo hawakuijua. Kwa miongo mingi wengi wao waliendesha mashauri chini ya jina la solisita, na kila mtu aliamini kwamba uangalizi wake unatosha. Mwezi Septemba 2025 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kwamba hautoshi. Asiyeidhinishwa binafsi anaweza kumsaidia solisita, ikasema mahakama, lakini hawezi kuliendesha shauri yeye mwenyewe hata kama anasimamiwa. Ofisi nyingi zilishtuka. Watu wenye uzoefu wa miaka 20 walijikuta wakiomba idhini ya kufanya kazi waliyoifanya jana, na CILEX ikapata ruhusa ya kukata rufaa.

Fedha nazo zimerudi mlangoni. Mafunzo ya uanagenzi wa solisita yamekuwa yakilipiwa na mfuko unaotokana na ushuru ambao waajiri wakubwa hutozwa tangu Aprili 2017. Mwezi Mei 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 mfuko huo hautalipia tena uanagenzi wa ngazi ya 7, ambao ndio wa masolisita, isipokuwa kwa wanaoanza wakiwa na umri wa miaka 16 hadi 21, pamoja na makundi machache ya vijana yaliyotajwa. Uanagenzi wa ngazi ya 3 wa wasaidizi wa kisheria haukuguswa. Karani mwenye miaka 35, anayetaka kupanda kutoka ngazi hiyo hadi usolisita, atalazimika kumwomba mwajiri amlipie, au alipe mwenyewe.